Mwanaume akitaka kupanga uzazi huku Tandahimba: aanzie wapi

Benchi la kliniki ya mama na mtoto kwenye zahanati yetu lina miguu mitatu mizima, wa nne ni tofali. Nililikalia kwa mara ya kwanza mwaka 2019, katikati ya akina mama waliokuja kupima uzito wa watoto. Mimi sikuwa na mtoto mkononi. Kila aliyeingia alinisalimu, kisha akauliza, "Baba Zuhura, mama yuko ndani?" Nikawa najibu ndiyo. Hakuwa ndani. Alikuwa shambani anapalilia mihogo. Baada ya robo saa nikainuka na kuondoka kama mtu aliyekumbuka kaacha moto jikoni.

Nilirudi pale baada ya karibu miaka miwili, na katikati mke wangu alibeba mimba ya saba. Ilimpa kifafa cha mimba. Tulipelekwa Ligula, hospitali ya mkoa kule Mtwara, usiku na gari la wagonjwa, nikiwa nimekaa nyuma nimemshika miguu. Walipona wote wawili, alhamdulillah. Daktari akatuambia mimba nyingine ni hatari kwake.

Mimi ni mkulima wa korosho, na sasa ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijijini kwetu. Si daktari. Ninachoandika hapa ni njia niliyoipita mwenyewe, pamoja na niliyojifunza kwa kuwasindikiza wengine. Wanaume wasiotaka kabisa habari hizi wapo, siwakatai. Ila wengi ninaokutana nao kwenye bao hawajakataa. Hawana pa kusimama. Mlango umeandikwa "mama na mtoto", na baba hajui kama anaruhusiwa kubisha hodi.

Anaruhusiwa. Ukiona alama ya nyota ya kijani ukutani, ni huduma ya uzazi wa mpango, na kwenye vituo vya serikali huduma hiyo ni bure, kwa mke na kwa mume.

Njia zenyewe

Kwa mwanaume leo zipo tatu: kondomu, kumwaga nje na kufunga kizazi. Basi. Anayekuuzia mizizi mnadani akasema inalaza mbegu miezi sita, anakuuzia mizizi tu.

Kumwaga nje wengi tumeanza nako, na wengi tuna mtoto aliyetokana nako. Kwa wanandoa 100 wanaotegemea njia hiyo mwaka mzima, kama 20 hupata mimba. Hata wale wasiokosea hata siku moja, 4 hupata. Ni bora kuliko kukaa bure, lakini usiifanye ndiyo ngao yako wakati mkeo ameshaambiwa asizae tena.

Kondomu ikivaliwa sawasawa kila mara, ni wanawake 2 kati ya 100 wanaopata mimba kwa mwaka. Kwa namna watu wanavyoitumia kweli, wanafika 13. Hao 11 wa katikati ndio nataka tuwazungumze, maana kosa si la mpira.

Wa kwanza ni vijana wetu wa bodaboda. Kondomu inakaa chini ya kiti cha pikipiki au kwenye pochi mfuko wa nyuma, inapigwa na joto la mchana kutoka hapa mpaka Newala na kurudi, mwezi mzima. Usiku ikivaliwa inapasuka, watu wanasema za bure ni mbovu. Iweke ndani ya nyumba, mahali pa baridi, chukua ya siku hiyo tu. Soma tarehe. Bonyeza pakiti kwa vidole: ikiwa na hewa ndani, nzima, ikiwa bapa kama karatasi, tupa.

Wa pili ni mafuta. Mafuta ya nazi, ya kujipaka, ya kula, yote yanaila kondomu ya kawaida. Ukitaka kilainisho, chukua cha maji, muulize muuguzi. Wa tatu ni wanaovaa mbili wakidhani ni ulinzi maradufu. Zinasuguana na kupasuka. Moja inatosha.

Kuvaa kwenyewe: fungua kwa vidole, usitumie meno. Minya ncha itoke hewa, vaa uume ukiwa umesimama na kabla hujagusana na mwenzako, shusha mpaka mwisho. Ukimaliza, shika pale shinani utoke nayo kabla hujalegea. Wengi wanaharibu hapo mwisho, wanalala. Itupe chooni, kwenye choo cha shimo, mbali na watoto wanaookota kila kitu wakitengeneza mpira wa miguu. Na ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu inayozuia VVU na magonjwa ya zinaa. Aliyefunga kizazi akitoka nje ya ndoa bila kondomu anaambukizwa kama mtu mwingine.

Mwanangu anayesoma Dodoma hunitumia habari za njia mpya. Ipo jeli ambayo mwanaume anajipaka mabegani kila siku, homoni zinapunguza mbegu, na akiacha mbegu zinarudi. Majaribio yake makubwa yalianza mwaka 2018 kwa wanandoa zaidi ya 400 katika nchi kadhaa, majirani zetu wa Kenya wakiwemo. Kipo pia kidonge kisicho na homoni kilichojaribiwa kwa wanaume wachache Uingereza kuangalia usalama wake. Vyote viwili haviuzwi dukani popote. Vijana wananiuliza kila wiki, nami nawajibu hivyo hivyo: jeli ikija mtaipata, kwa sasa chukueni kondomu.

Kufunga, na nani wa kuzungumza naye kwanza

Hapa nitakaa kidogo.

Kufunga kizazi kwa mwanaume hakuhusiani na kuhasiwa. Tangu wafugaji walipoteremka na ng'ombe wao huku kusini, nasi tumejua maksai ni nini, na ndiyo picha inayowajia watu. Korodani ina kazi mbili. Mbegu hupita kwenye mirija miwili membamba, unene wa tambi. Homoni ya kiume hupita kwenye damu. Mtaalamu anakata na kufunga ile mirija tu, njia ya damu haigusi. Ndevu zinabaki, sauti inabaki, na ile shughuli inabaki. Hata maji yanatoka vilevile, kwa sababu mbegu ni sehemu ndogo sana ya manii. Zile zinazoendelea kutengenezwa mwili unazinyonya wenyewe.

Ila ni ya kudumu. Kufungua upya ni upasuaji mgumu, wa gharama, na hauna uhakika. Kwa hiyo kama una miaka 25, au mmegombana na mkeo wiki hii, au mmezika mtoto karibuni, subiri. Na wewe mwenzangu unayejijua kwamba kila ukipata hela ya mnada wa korosho unaoa mke mwingine wa msimu, wa kukaa naye hadi Machi, jiulize vizuri kabla hujasaini.

Nyumbani nilianza na mama Zuhura mwenyewe. Alikuwa ameshajaribu kijiti, akatokwa damu wiki kwa wiki mpaka kikatolewa. Alikuwa amejaribu sindano, kichwa kikamsumbua. Nilipomwambia nataka kufunga mimi, alinyamaza, akaendelea kuchambua kisamvu. Kisha akasema, "Watasema nimekuroga." Tukacheka, lakini hakuwa anatania. Basi tukakubaliana twende pamoja, na mimi ndiye nitakayesema kwa mdomo wangu kwamba ni uamuzi wangu.

Halafu nikaenda kwa mjomba wa watoto. Msomaji wa bara atashangaa, lakini sisi Wamakonde tunajua mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ana neno. Sikwenda kuomba ruhusa. Fomu ya ridhaa unasaini wewe, hasaini mjomba. Nilikwenda asije akasikia kijiweni. Shemeji yangu alinisikiliza, akapangusa miwani, akasema ningefikiria hivyo tangu mtoto wa nne, maana na yeye analipa ada. Kama kwenu kuna mtu wa namna hiyo, mpelekee habari kabla ya kwenda. Ukishatoka hospitali unachechemea, maneno yatamfikia kabla yako.

Kwa shekhe pia nilikwenda. Hakunificha: azli, yaani kumwaga nje, inajulikana tangu zama za Masahaba, na kupumzisha uzazi kwa makubaliano ya wanandoa hana tatizo nako, lakini kufunga moja kwa moja hakupendi, isipokuwa kwa dharura ya afya. Nikamweleza habari ya kifafa cha mimba. Akaniombea dua. Wewe nenda kwa shekhe wako au padri wako, na uende mapema. Mzigo huo usiubebe mpaka kwenye chumba cha upasuaji. Hospitali za misheni za Kikatoliki hazifanyi kazi hii kwa imani yao. Usiende kubishana nao.

Kabla hujapanda pikipiki

Piga simu. Mimi sikupiga. Nilitoka nyumbani alfajiri, nikalipa nauli ya kwenda, nikafika kituo kimoja ambacho sikitaji, nikaambiwa anayejua kazi hiyo yuko semina. Dada wa mapokezi akauliza kwa sauti ya mnada, "Kufunga nini? Wewe?" Ukumbi mzima ukageuka. Nilirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda zahanati ya kijijini kwako, omba kuongea na mganga mfawidhi faragha. Zahanati nyingi hazifungi wanaume, lakini yeye ndiye anayejua ni kituo cha afya gani au hospitali gani ina mtu aliyefundishwa, na anaweza kumpigia mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya mbele yako. Uliza maswali matatu: yupo nani, siku gani, na vifaa vipo? Ukijibiwa "njoo tu", bado hujajibiwa.

Chagua msimu. Oktoba mpaka Desemba kila mtu yuko kwenye korosho. Masika shamba linakudai, na barabara ni utelezi. Juni na kuendelea tunabeba mashine za kupuliza salfa, na mashine ile mgongoni haifai kwa mtu mwenye kidonda. Mimi nilichagua katikati ya Mei, mvua zimekatika, salfa haijaanza.

Jikague na useme ukweli. Ukanda wetu huu unajulikana kwa mabusha na matende, ndiyo maana tunapewa dawa za kingatiba. Mwenye busha, ngiri, matende ya korodani, au korodani moja ambayo haikushuka, aseme. Huenda akahitaji daktari mwenye uzoefu zaidi, na busha linaweza kutengenezwa hapohapo siku moja na kufunga. Mwenye homa, usaha, au kidonda sehemu za siri anatibiwa kwanza, anarudi akipona. Nilimsindikiza mzee mmoja, nang'olo wa miaka 58, aliyeficha busha miaka 9 kwa kuvaa msuli mpana. Alikwenda kwa ajili ya kufunga, akarudi bila busha. Sasa anacheza bao amekunja miguu.

Oga vizuri asubuhi, nyoa au punguza nywele za mbele. Beba chupi mbili za kubana, mpya au zilizofuliwa. Bukta ya kulegea haitakusaidia, inatakiwa kitu cha kushikilia mzigo. Na weka nauli ya kurudi kwenye gari, siti ya ndani. Usirudi kwa bodaboda kwenye njia zetu zile.

Mezani

Wanakueleza tena kila kitu, wanakuuliza tena kama una hakika. Unaweza kusema hapana hata ukiwa umeshalala, hakuna anayekudai. Mimi muuguzi aliniuliza mara tatu, ya tatu nikamwambia, "Dada, ningekuwa na wasiwasi ningekuwa nimeshakimbia."

Sindano ya ganzi inauma kama siafu mmoja mkubwa. Baada ya hapo hakuna maumivu ya kukatwa. Kuna kuvutwa. Unasikia kitu kinavutwa hadi chini ya kitovu, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, kama mvuvi wa Msimbati anavuta uzi na wewe ndiye samaki. Njia waliyotumia haina kisu. Ilianzishwa China mwaka 1974 na daktari Li Shunqiang: kifaa chenye ncha kinatoboa tundu dogo mbele ya mfuko, mirija inatolewa hapo mmojammoja, inakatwa na kufungwa, inarudishwa. Hakuna nyuzi za kushona. Nilitazama dari. Kulikuwa na mjusi kafiri anatembea kwenye nyaya za taa, na hajafika ukutani nikaambiwa tumemaliza. Dakika 20, labda na kidogo.

Siku 3, na miezi 3

Nilipumzika nusu saa, nikapewa panadoli, nikaambiwa kidonda kisiguswe na maji siku mbili, nikae na chupi ya kubana mchana na usiku, nisibebe kizito, na tendo la ndoa lisubiri siku mbili tatu mpaka maumivu yaishe. Saa chache za mwanzo weka kitambaa cha baridi juu ya nguo. Asprini usinywe, inachelewesha damu kuganda.

Siku ya tatu nikajiona mzima. Mama Zuhura alikuwa anachota maji kwenye tangi la mvua, nikamwonea huruma, nikabeba ndoo mbili za lita 20. Jioni mfuko ulivimba, ukawa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nililala chali siku nne, huku mama Zuhura akinichekea mlangoni na kusema ndoo mbili hizo zimemgharimu ndoo ishirini. Uvimbe ukashuka wenyewe. Lakini ukiona homa, usaha, damu isiyokatika, au uvimbe unaozidi kukua, usisubiri siku nne kama mimi. Rudi ulikofanyiwa.

Sasa jambo ambalo watu wanalikosea kuliko yote. Siku ya kwanza baada ya kufungwa bado unaweza kumpa mtu mimba. Mbegu zilizokwisha pita ule mrija zimo mbele bado. Wazee wengine watakwambia hesabu mara 20. Acha kuhesabu mara, hesabu miezi: mitatu kamili, na muda wote huo kondomu au njia ya mkeo iendelee. Niliandika tarehe kwa chaki nyuma ya mlango, 18/5 na 18/8.

Baada ya hapo nenda kapime manii kama hospitali yenu ina kipimo. Nilipewa kikopo cha plastiki na kuelekezwa chooni, choo chenye komeo bovu, nje wagonjwa wanabisha hodi. Ilinichukua muda kuliko upasuaji. Mtaalamu wa maabara akatazama kwenye hadubini, akaandika hakuna mbegu zilizoonekana. Karatasi hiyo naihifadhi kwenye bati la maziwa pamoja na stakabadhi za AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Ukishafika hapo, hatari ya mimba iko chini ya 1 kwa 100 kwa mwaka. Haijawa sifuri, kwa hiyo mkeo akikosa siku zake mpeleke akapime kabla ya kumwaza vibaya. Kuna ndoa zilizoharibika kwa kutoambiwa sentensi hiyo moja.

Kuwaletea wengine

Nilipokuwa mhudumu wa afya, jambo la kwanza nililoomba lilikuwa benchi. Tulikaa na mganga mfawidhi, tukakubaliana Alhamisi kuanzia saa 9 alasiri, akina mama wakishaondoka, baba yeyote aje aulize analotaka. Mlangoni hatukuandika uzazi wa mpango. Tuliandika "Afya ya baba". Wanakuja kupima presha, kuulizia busha, na swali la nne au la tano ndilo lililomleta mtu hasa. Ukiwa na mganga mfawidhi msikivu, jambo hili halihitaji bajeti. Linahitaji mtu mmoja wa kukaa pale Alhamisi hata asipokuja yeyote. Wiki sita za mwanzo nilikuwa nakaa na mganga tunapiga soga.

La pili ni kondomu zitoke zahanati. Ziko pale za bure, lakini nani atapita mbele ya mama mkwe kwenda kuzichukua? Boksi moja liko kwa fundi baiskeli, chini ya viraka. La pili lipo kwenye banda la bao, ndani, upande wa kivuli. Sihesabu nani kachukua, nahesabu zilizobaki. Likikaribia kwisha najaza.

La tatu ni huduma ya mkoba, yaani wataalamu kuwafuata watu kijijini. Wataalamu wa kufunga hawawezi kuja kwa mtu mmoja. Wakiambiwa wapo 6 au 7 waliokwisha kupata ushauri na wana hakika, mratibu wa wilaya ana sababu ya kupanga siku. Kwa hiyo weka daftari. Langu halina majina, lina namba na mwezi ambao mtu anaweza, na ukurasa wa nyuma nimeandika nani ana busha ili daktari ajiandae. Majina yao tunayajua mimi na mganga tu. Ukilisahau daftari la majina kijiweni hata siku moja, hutapata mtu wa pili.

Na siku ya mkoba ikifika, tafuta gari la kuwarudisha watu kabla ya kutafuta chakula. Mara ya kwanza tulipika pilau, hatukuwa na gari. Wanaume watano walirudi kwa miguu kilomita 4, wametanua miguu kama wametoka jandoni, watoto wakiwafuata nyuma. Mara ya pili AMCOS walituazima pikapu ya kubebea magunia. Tulitandika mikeka sakafuni.